Duster yangu ya 1973 na zile kilo 215 nilizoipunguzia

Bampa ya mbele ya Plymouth Duster ya mwaka 1973, ukiitoa pamoja na vyuma vyake vyote vya nyuma vinavyoishikilia, ina kilo 30. Nina uhakika kwa sababu nilipanda nayo kwenye mzani wa bafuni nimeikumbatia kifuani, mke wangu akanisomea namba maana mi mwenyewe nilikuwa sioni chini, nikaiweka pembeni nikapanda tena mikono mitupu, tukatoa. Kilo 30. Mfuko wa simenti una kilo 50, kwahiyo pale mbele kabisa ya gari, mbele hata ya rejeta, kulikuwa na zaidi ya nusu mfuko wa simenti unasafirishwa kila siku tangu gari litoke kiwandani.

Na uzito ule una sababu. Kuanzia magari ya modeli ya 1973 serikali ya Marekani iliagiza kwamba bampa ya mbele lazima ivumilie kugonga ukuta kwa spidi ya maili 5 kwa saa bila taa wala vitu vya usalama kuharibika, basi viwanda vikaongeza chuma. Duster za mwanzo, zile za 1970, zina kibampa chembamba tu. Ndo maana wanaotafuta bodi ya kukimbiza wanapenda sana za 1970 mpaka 1972. Mi nilichukua ya 1973 kwa sababu ndo iliyokuwa inauzwa mtaa wa pili kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa mwanae, haina injini, ina kutu kidogo chini ya buti, na bei yake nilikuwa naimudu.

Ngoja niseme nimetokea wapi ili mnielewe kwanini kupunguza uzito wa gari kumenichukua akili kiasi hiki. Nimekulia Tanga, baba yangu ni fundi, gereji yake ilikuwa inapokea Land Rover na malori yanayobeba mkonge kutoka Muheza na Korogwe. Kwa baba gari zuri ni gari linalobeba. Mteja akija anasema lori linakaa chini nyuma, jibu ni kuongeza springi, zile springi za vyuma vilivyolaliana, unaongeza kimoja, unaongeza viwili, gari linasimama juu kama jogoo na mteja anaondoka ameridhika. Bodi ikipasuka unachomelea bati juu ya bati. Hata magari ya Safari Rally tuliyokuwa tunayaangalia kwenye picha za magazeti yalikuwa yameongezewa, chuma cha kuzuia wanyama mbele, sahani ya chuma chini ya injini, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa inataka hivyo. Kwahiyo mi nimefundishwa kuongeza. Kutoa kitu kwenye gari zima, kinachofanya kazi, ukakitupa, hiyo nimekuja kujifunza ukubwani huku Ohio.

Mwaka wangu wa kwanza Columbus fundi mwenzangu kazini alinichukua Jumamosi moja akanipeleka Hebron, mwendo mfupi tu mashariki ya mji, kuna uwanja wa dragi unaitwa National Trail Raceway, uko pale tangu 1964. Nilikuwa sijui kitu. Niliona barabara imenyooka, njia mbili, nguzo ya taa katikati wanayoiita mti wa Krismasi, na magari mawili yanasogea polepole sana kama yanaogopa, yanakatisha miale miwili ya taa pale chini, taa ndogo juu zinawaka, kimya cha sekunde moja, afu njano, njano, njano, kijani. Kilichofuata nilikisikia kifuani kabla ya masikioni. Robo maili, yaani futi 1,320, kama mita 402, na limeisha. Nikamuuliza mwenzangu lile jekundu la kizamani lina injini gani limempita yule mwenye gari jipya, akanijibu injini ya kawaida tu, ila limekonda.

Hilo neno "limekonda" ndo lilinipata.

Sasa ukianza kufuatilia unakuta kwamba huu mchezo wa kukondesha magari ya misuli, yale ya Kimarekani ya zamani yenye injini kubwa, haukuanzishwa na watu wa mtaani peke yao, viwanda vyenyewe vilikuwa ndani kabisa. Miaka ya 60 mwanzoni NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani kilichoanzishwa 1951 na Wally Parks, kilikuwa na madaraja ya magari ya kiwandani, na kila kampuni ilitaka kushinda Jumapili ili iuze Jumatatu. Pontiac 1963 walichukua Catalina, gari refu kama mtumbwi, wakatoboa chasisi yake matundu makubwa huku na huku mpaka watu wakaiita jibini ya Uswisi, wakaweka boneti na madigadi ya mbele ya aluminiamu. Mwezi Januari mwaka huohuo General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ikaamua kujitoa kwenye mbio na yale magari yakabaki machache tu, leo ni mali.

Ford nao 1964 wakachukua Fairlane, gari la familia, wakaingiza injini kubwa ya inchi 427 za ujazo, yaani lita 7, pale ambapo haikutakiwa kuenea. Boneti na madigadi ya faibaglasi, vioo vya pembeni vya plastiki, na taa mbili za ndani kati ya zile nne za mbele wakazitoa, matundu yake wakayafanya mdomo wa kuvutia hewa baridi kwenda kwenye kabureta mbili. Wakaiita Thunderbolt, zikatengenezwa kama 100 hivi. Gas Ronda akachukua nayo ubingwa wa NHRA wa Top Stock mwaka ule ule. Lakini kitu kilichonishangaza mi ni betri. Kwenye gari lile ambalo walikuwa wanahesabu mpaka uzito wa vioo, waliweka betri kubwa nzito ya lori, wakaiweka nyuma kwenye buti. Nitarudi hapo kwenye betri.

Afu kuna ile ninayoipenda kuliko zote, Dodge Dart ya 1968 yenye injini ya Hemi ya inchi 426, na ndugu yake Plymouth Barracuda, ambazo ni ukoo mmoja na Duster yangu, bodi ya familia moja. Boneti na madigadi faibaglasi, milango ya bati jembamba, vioo vya pembeni vyembamba maalum vilivyotengenezwa na Corning, siti mbili nyepesi zilizotolewa kwenye gari dogo la mizigo la Dodge A100, siti ya nyuma hakuna, hita hakuna, redio hakuna. Na kioo cha mlango hakina mashine ya kupandishia, kina mkanda, unauvuta kwa mkono unaufunga. Gari linatoka kiwandani halijapakwa rangi, lina karatasi inayosema si la kutumia barabarani. Nilipoona picha ya ule mkanda wa mlangoni nilikaa nikauangalia muda mrefu. Kuna mtu ofisini, injinia mwenye shahada yake, alikaa chini akafikiria kwamba ile mashine ya kioo, kile kichuma chenye meno na mkono wa kuzungusha, kazi yake inaweza kufanywa na kipande cha mkanda.

Basi nikaanza na Duster. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa injini. Nilipata bloku ya inchi 360 kwenye uwanja wa magari mabovu, nikaipeleka kwa wachongaji wakaichonga silinda kidogo, krenki ya mkono mrefu ikaingia, ikawa inchi 408, kama lita 6.7. Hedi za aluminiamu, kabureta moja ya midomo minne, gia boksi ya otomatiki ile ndogo ya 904 badala ya 727 kwa sababu ni nyepesi na inakula nguvu kidogo kuizungusha. Nikaikadiria hosipawa 430. Pesa iliyokwenda pale siwezi kuiandika hapa, mke wangu anasoma.

Tukaenda kupima. Gari lilikuwa na paundi 3,240, yaani kama kilo 1,470, bila mimi. Mi na helmeti na nguo nina paundi 185. Likakimbia sekunde 12.21. Nilifurahi, sisemi uongo, nilipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti. Ila jioni nyumbani nikachukua karatasi. Kuna hesabu ambayo watu wa dragi wanaitumia sana, unachukua uzito wote kwa paundi ukiwa umekaa ndani, unagawanya kwa hosipawa, unatafuta kipeuo cha tatu cha jibu, unazidisha kwa 5.825, unapata sekunde ambazo gari linatakiwa likimbie kama kila kitu kimekaa sawa. Kwangu ilitoka 11.63. Maana yake nilikuwa napoteza zaidi ya nusu sekunde kwa kushindwa kushika lami. Hiyo moja. Ya pili, nikaweka uzito wa paundi 2,950 kwenye hesabu ileile, injini ileile, ikatoka 11.07. Ili niipate tofauti hiyo kwa nguvu tu bila kugusa uzito ningehitaji karibu hosipawa 500, yaani 70 za ziada, na kila mtu aliyewahi kujenga injini anajua hosipawa 70 za mwisho zinauzwaje. Kuna usemi pale uwanjani kwamba kila paundi 100 ukitoa unapata sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukipiga hesabu unakuta wazee hawakukosea sana.

Kwahiyo msimu ulipofungwa mwezi wa 11 nikaingiza gari gereji nikaanza kutoa.

Kilo 70 za kwanza hazikunigharimu kitu zaidi ya spana. Tairi la akiba na jeki, kilo 21. Siti ya nyuma, 16. Hita na mabomba yake, 11, lile boksi la hita limejaa majani makavu ya miaka 50 na kiota cha panya. Redio na spika. Afu zulia na kile wanachokiita kizuia kelele, na hapa naomba nikae kidogo.

Chini ya zulia kiwanda kilipaka vipande vya lami vinene ili gari lisipige kelele kama debe. Ukikwangua na patasi utaumwa mabega wiki nzima na bado bati litabaki na utando. Yule fundi mwenzangu akaniambia nenda kanunue barafu kavu, ile gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa. Huku inauzwa supamaketi, kwenye friza yake pembeni, unavaa glavu nene kwa sababu ikikugusa inaunguza kama moto. Nikavunja vipande nikavitandaza sakafuni mwa gari, mlango wa gereji nikauacha wazi kwa sababu ule moshi wake unafukuza hewa unayovuta, nikasubiri kama dakika 10. Unasikia lami yenyewe inaanza kulia, tik, tik, kama bati la paa jua likizama. Hapo unachukua nyundo ndogo unagonga taratibu. Haikwanguki, inapasuka. Vipande vinaruka vizima vizima kama gamba la yai lililochemshwa vizuri, na chini yake unaona rangi ya kiwandani ya 1973 inang'aa, kijani, rangi ambayo hakuna mtu alikuwa ameiona tangu gari lilipopita kwenye mstari wa kiwanda. Nilifagia nikaweka kwenye ndoo mbili nikapima pamoja na zulia. Kilo 19. Usiku ule nilikaa kwenye sakafu ya gari nikiwa na chai, baridi kali nje, nikaona hili gari sasa linaanza kunijua.

Baada ya hapo ndo pesa ikaanza. Boneti ya chuma kilo 26, ya faibaglasi 9. Siti ndefu ya mbele kilo 34, viti viwili vyepesi pamoja na vishikio vyake 13. Bampa ya mbele nikapata ya faibaglasi yenye umbo la 1972, kilo 5 na vishikio vya aluminiamu nilivyokata mwenyewe. Eksozi ndefu mpaka nyuma ikawa fupi inaishia chini ya dereva, kilo 18. Rimu za mbele nyembamba za inchi 4 na tairi zake nyembamba, kilo 8 kila upande, na hizi ni tamu mara mbili kwa sababu kitu kinachozunguka, injini inakilipia mara mbili, kukisukuma mbele na kukizungusha. Vioo vya milango na cha nyuma vikawa polikaboneti, na mashine za kupandishia vioo nikazitoa zote nikaweka mkanda wa siti kuukuu, nimetoboa matundu matatu na kitufe kimoja. Mkanda kama ule wa Dart ya 1968. Kioo cha mbele nimeacha cha kiwandani.

Kuhusu boneti niseme jambo. Faibaglasi ya kwanza niliagiza kwenye duka moja la mtandaoni, ikaja imepinda upande wa kulia kama inchi nzima na pembeni imejaa mapovu ya hewa, nikapiga simu wakaniambia ndo inavyokuwa, mteja anaimalizia. Nikakaa wiki mbili nasaga na kujaza, vumbi lake linawasha kama upupu, unaoga unalala bado shingo inawasha, na mwisho ilipasuka pale pale penye povu. Ya pili nikaenda kuchukua mwenyewe kwa mkono, nikaigeuza nikaishika dhidi ya jua. Faibaglasi ishike dhidi ya jua kabla hujalipa, povu utaliona na sehemu nyembamba utaiona.

Sasa swali la wapi uache. Ukishaonja unataka kutoboa kila kitu. Mi nilitoboa. Nilikuwa na kitoboleo cha inchi moja kwenye drili na nikapita gari zima usiku, vishikio vya boneti, vya betri, vya dashibodi, na nikafika kwenye kishikio cha alteneta nikakiona kinene nikakitoboa matundu manne, nikaokoa gramu 200 hivi. Mwezi wa tano, kwenye uwanja mmoja wa kujifunzia, karibu na mwisho wa robo maili kikakatika katikati ya tundu na tundu, alteneta ikalala, mkanda ukaruka, pampu ya maji ikasimama. Nilizima mapema injini ikapona. Lakini nilikishika kile kipande mkononi njia nzima ya kurudi na nikaona mstari wa ufa ulivyoanzia kwenye kingo ya tundu ambayo sikuilainisha. Chuma kikitobolewa na kingo ikabaki kali, mtetemo unaanzia hapo hapo kukila. Baba alikuwa anatuambia hivyo hivyo kuhusu springi, usiache alama ya patasi kwenye springi, itakatikia hapo. Nililijua hilo tangu nina miaka 12 na bado nililisahau.

Tangu siku ile nina mipaka yangu. Sigusi breki, sigusi usukani na fito zake, sigusi kinachoshika siti, sigusi kinachoshika mikanda. Ndani ya milango ya 1973 kuna fito la chuma la kuzuia gari lingine lisikuingilie ubavuni, lililetwa na sheria ya mwaka huohuo, na kuna watu wengi wanalikata kwa sababu ni uzito wa bure wanavyoona wao. La kwangu lipo. Naendesha gari hili nikiwa na mtoto wa miaka 6 amekaa jukwaani ananiangalia.

Na kuna sehemu niliongeza uzito na ninasema hivyo bila aibu. Difu ya kiwandani ilikuwa ile ndogo ya inchi 7 na robo, ingepasuka siku ya kwanza, nikaweka ya inchi 8 na robo tatu yenye uwiano wa meno wa 3.91, ni nzito kuliko ile. Nikaweka pete ya chuma inayozunguka propela, kwa sababu propela ikikatika mbele na ikachomeka kwenye lami gari linaruka kama mtu wa upondo.

Turudi kwenye betri ya Ford. Gari linapoondoka kwa nguvu uzito unahamia nyuma, hilo kila mtu aliyepanda pikipiki analijua. Ila kwenye gari lenye difu ya mhimili mmoja kuna kingine, propela inavyozungusha difu inataka kuinyanyua tairi ya nyuma ya kulia, inapungukiwa mkandamizo pale pale inapouhitaji. Kwahiyo kile kizito ambacho lazima ubaki nacho kiweke nyuma kulia. Betri ya Duster ilikuwa mbele kushoto, kilo 18. Sikuipunguza hata gramu. Niliihamishia buti upande wa kulia, juu ya tairi kabisa, nikaweka swichi ya kuzima umeme inayofikika kwa nje kama sheria inavyotaka ukihamisha betri nyuma. Kilo 18 zilezile, mbele zilikuwa mzigo, nyuma zinafanya kazi.

Afu springi. Chrysler, kampuni mama ya Plymouth na Dodge, walikuwa na springi zao za dragi zinaitwa Super Stock, nazo ni hizi hizi za vyuma vilivyolaliana, ila kushoto na kulia hazifanani, idadi ya vyuma ni tofauti, na sehemu ya mbele ya mhimili ni fupi na ngumu ili difu isijipinde gari linapoondoka. Nilipozifungua kwenye boksi nilicheka kwa furaha. Miaka yote ya kule Tanga, mimi na kaka zangu tumebeba springi hizi mgongoni, tumepaka grisi kati ya chuma na chuma, na hapa Marekani kitu kinachofanya gari lishike lami ni springi ya lori ya baba yangu, imepangwa vingine tu. Nilizifunga peke yangu kwa masaa matatu na mikono ilikuwa inajua yenyewe.

Siku ya kupima tulikopa mizani minne, mmoja kila tairi, mi nimekaa ndani na helmeti mkononi, mafuta galoni 4 tu kwenye tangi. Mwenzangu anasoma anaandika kwa chaki sakafuni. Mbele jumla paundi 1,534. Nyuma kushoto 694. Nyuma kulia 722. Zote pamoja 2,950. Toa mimi, 2,765. Kilo 215 zimeondoka, na nyuma kulia ndo nzito kuliko nyuma kushoto kama tulivyotaka.

Mwezi wa sita uwanjani. Unaingia kwenye maji unalowesha tairi za nyuma, zile laini zisizo na kashata, unazichoma mpaka moshi mweupe unaingia ndani kupitia matundu ya sakafu, harufu ya mpira, unasogea. Taa ya kwanza, taa ya pili, mguu wa kushoto breki, wa kulia unapandisha mzunguko taratibu. Kitu nilichokigundua siku ile ni kwamba gari jepesi halisikii kama gari lenye nguvu zaidi. Lile la mwaka jana lilikuwa linaguna kwanza, linakaa chini, afu linakwenda, unahisi injini inabishana na kitu. Hili halikubishana. Taa ya njano ya mwisho nikaachia breki na tairi ya mbele kushoto ikaondoka ardhini, upana wa kiganja labda, nimeona boneti inapanda upande mmoja dhidi ya anga, ikakaa hewani, ikashuka kwenye gia ya pili, na futi 60 za kwanza nilizipita kwa sekunde 1.63 wakati mwaka jana zilikuwa 1.79. Karatasi ya muda ikatoka sekunde 11.58. Ya pili 11.51. Ya tatu, jua limeshapungua, hewa imekuwa nzito ya kuvuta, 11.44.

Na hapo ndo likasimama. Mkaguzi alinifuata kwa upole kabisa hata kabla sijavua helmeti. Sheria za NHRA kwa gari la zamani kama langu ni kwamba ukishuka chini ya 11.50 lazima uwe na bomba la chuma linalopita nyuma ya kichwa cha dereva la kuzuia paa lisikulalie gari likipinduka, na ukishuka chini ya sekunde 10 ni kizimba kizima. Mi nilikuwa sina. Akaniambia leo imetosha, hongera, rudi na bomba. Nilimshukuru na nilimaanisha, kwa sababu nilijua kabisa gari langu limekuwa jepesi kuliko lilivyo salama.

Bomba limeniongezea kilo 27. Nimechomelea mwenyewe kwenye sahani sita sakafuni, kila moja nimeilainisha kingo zake. Kwa hesabu ile ile ya karatasi nimerudisha kama sehemu saba za mia za sekunde, na nimelala vizuri.

Nilimpigia baba kumwonyesha kwa video. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, hebu niione hiyo gari." Nikazunguka nayo simu, nikamwonyesha sakafu tupu, milango myepesi, mkanda wa kioo. Alikuwa kimya. Akauliza, "Sasa hii inabeba nini?" Nikamwambia inanibeba mimi tu baba, mita mia nne. Akafikiria, akasema nishushe simu chini, nyuma, nikalala chini ya gari nikamwonyesha springi. Hapo akavaa miwani. Akaniuliza mbona huku vyuma vingi na huku vichache, nikamweleza difu inavyonyanyua upande wa kulia, nikamweleza taratibu kama alivyokuwa ananieleza yeye. Akatikisa kichwa, akasema, "Yubolti za upande wa kulia zikaze tena ukishakimbia mara tatu nne. Upande unaobeba ndo unaolegea."

Nilienda kuzikagua. Mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko.

Sasa hivi baridi imeingia, gari liko juu ya stendi. Mota ya waipa ipo bado, ina kilo 4 na waya zake, na kioo cha mbele hakijawahi kunyeshewa tangu nilinunue gari maana mvua ikinyesha uwanja unafungwa. Jumamosi nikitoka kazini mapema naitoa.